Siku ya Wanawake Kwenye Mserereko

Mjomba wangu alikuwa seremala wa meli hadi mgongo ulipomkatalia. Katika safari zake alifika Bombay, na badala ya kurudi na vitambaa kama wanaume wengine wenye akili, alirudi na wazo. Huko aliona mfereji wa mbao uliopandishwa juu hadi kimo cha paa la nyumba. Watu walikaa ndani ya chombo, wakaachiwa, wakaserereka mpaka majini, na walipotoka, wamelowa na nusu roho imewatoka, walirudi kwenye mstari kutaka tena. Aliyaona mengi mjomba katika miaka yake ya baharini, lakini hilo ndilo alilokuwa akilisimulia kila alipokunywa chai.

Alipostaafu akaujenga. Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya hamsini, pale mkono wa bahari ulipokuwa bado unaingia baina ya Mjini na Ng'ambo hapa Unguja, kabla haujafukiwa. Alisimamisha nguzo za mikoko upande wa Funguni, akatandika mbao, akaweka ngazi na pipa la maji juu ili mfereji uwe unateleza wakati wote. Chombo chenyewe kilikuwa cha mbao, chini bapa, chenye kamba ya kushikia kila upande. Mjomba alikiita chombo. Mji mzima ulikiita sanduku, na nadhani mji ulikuwa na haki.

Afisa mmoja wa serikali, Mwingereza, alikuja kuukagua mserereko kabla ya Sikukuu ya Idi. Aliigonga nguzo moja kwa fimbo yake, akasikiliza, akaigonga ya pili, kisha akauliza kama kuna mtu aliyekwisha kufa. Mjomba akamwambia bado. Kibali kikatoka siku ile ile.

Siku mbili za mwanzo za Sikukuu walipanda wanaume, na sitazieleza, kwa sababu sikuwapo na kwa sababu wanaume wenyewe wamekwisha kuzieleza vya kutosha. Siku ya tatu ilikuwa ya wanawake, baada ya alasiri mpaka magharibi. Mjomba alizungusha ua wa makuti pande zote za nchi kavu. Yeye mwenyewe aliweka kiti nje ya ua, akakigeuza kikatazama ukuta wa ghala, akaahidi mbele ya mama yangu na majirani kwamba hatageuka hata iweje. Ndani ya ua aliniweka mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwalimu wa darasa la pili katika skuli ya wasichana. Mjomba aliamini kwamba mtu anayeweza kuwanyamazisha watoto arubaini hawezi kushindwa na wanawake wazima. Hakuwahi kuoa.

Aliniachia masharti, nami nikayaandika kwenye ubao kwa hati yangu nzuri ya skuli. Wapande wanne, si zaidi. Wakae, wasisimame. Washike kamba. Mtoto wa kunyonya asipandishwe. Na la mwisho, ambalo mjomba alinirejeshea mara tatu: kwenye nguzo iliyokuwa majini alipaka alama nyekundu, na maji yakishuka chini ya alama hiyo, mchezo umekwisha, kwa sababu chini ni tope na sanduku litapiga pua.

"Sikukuu ni bamvua," alinambia. "Maji yanajaa sana na yanatoka mbio. Usiangalie saa. Angalia alama."

"Nimefahamu, mjomba."

"Rudia."

Nikarudia. Kwa mwalimu ni jambo la kudhalilisha kidogo.

Ubao wangu ulisomwa sana siku ile. Wanawake walisimama mbele yake, wakausoma kwa sauti, wakaisifu hati, wakaulizana nimesomea wapi, kisha wakapanda sita. Nilipowashusha wawili, waliobaki walikasirika kwa niaba yao. Mmoja alikuja na mtoto amelala kifuani. Nilipomwonesha ubao aliniambia kwa upole, kama mtu anayemwelimisha mjinga, "Huyu si wa kunyonya, mwalimu. Nshamwachisha jana." Mwengine alitaka kupanda na mwavuli wazi ili asiungue jua. Mwengine aliniuliza kama maji ya chumvi yanadhuru dhahabu. Nikamwambia sijui, ila najua yanadhuru pumzi, akacheka akanigonga bega, akapanda na bangili zake zote.

Yuko mmoja aliyepanda ngazi mpaka juu, akaangalia chini, akakataa kuserereka. Basi nikamwambia ateremke kwa ngazi. Akakataa na ngazi. Alikaa pale juu, akashika nguzo, akaanza kusoma nyiradi, na mstari mzima ukapita ubavuni mwake mmoja mmoja ukimwambia samahani. Alikaa karibu saa nzima. Baadaye nilisikia anawahadithia watu kwamba mserereko ni kitu cha raha.

Kuvuta sanduku kulirudisha juu walikuwapo majirani zetu wawili, wanawake wenye mikono iliyozoea mchi na kinu. Walilivuta kwa kamba kila lilipotua, na kila mara walinong'onezana kitu kuhusu uzito wa waliomo, si kwa sauti ya chini sana. Kwa ujumla mambo yalikwenda vizuri. Wanawake walilowa, walicheka, waligombana nani alisukumwa na nani. Nilianza hata kujivuna. Nilimwambia mama, aliyekuwa amekaa kwenye jamvi na birika la kahawa, kwamba kazi hii haina taabu, ni kuwa na msimamo tu.

Ilikuwa inakaribia magharibi alipokuja mama mkwe wangu.

Siku ile hakuwa bado mkwe. Alikuwa mama wa mtu aliyetaka kuniposa, na habari ya posa ilikuwa imekaa kwao mwezi mzima bila neno la mwisho, wao wakifikiri. Familia ilikuwa na shamba upande wa Mbweni, nyumba kubwa Mjini, gari, na mazoea ya kufikiri polepole. Mama yangu alimwona anaingia uani akaweka kikombe chini na kuniangalia. Maana ya jicho lile niliijua: fanya adabu.

Hakuja peke yake. Alikuwa na dada yake, wapwa wake wawili wasichana, na mwanamke wa Makunduchi aliyekuwa akimsukia mikeka. Huyu alikuwa mjini kwa Sikukuu, amefikia kwa binti yake Ng'ambo, na alikuwa amekwenda kumwamkia mkwe, ambaye watu walimwita Bi Mkubwa, akajikuta amechukuliwa kutembezwa. Alikuwa mwembamba, mtu mzima, amejifunga kanga vizuri, hasemi. Ukiwahesabu wote, watano.

Niliiangalia nguzo. Maji yalikuwa yameshuka chini ya alama nyekundu kwa vidole vinne.

"Shikamoo, Bi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona unavyofanya kazi."

"Karibu, Bi. Lakini maji yanatoka. Tulikuwa tunafunga."

Alitazama bahari. "Yanatoka wapi? Mbona nayaona yamejaa tele."

"Iko alama, Bi. Pale kwenye nguzo."

"Aliyeitia nani?"

"Mjomba wangu."

"Basi mjomba wako ni mtu wa heshima," alisema, "na ataona haya kunirudisha mimi nyumbani mkavu."

Wapwa walicheka. Nilimtazama mama yangu, naye alikuwa anayachunguza makuti kana kwamba hajawahi kuona ua. Na nje ya ua, kutoka kwenye kiti kilichotazama ukuta, ilikuja sauti ya mjomba.

"Mwanangu, maji yako wapi?"

Nimekaa darasani miaka mingi baada ya hapo, na nimewauliza watoto maswali magumu kuliko hilo wakatoa majibu bora. Ningeweza kusema yamepita alama. Ni maneno mawili. Mjomba angetoa sauti ya kukataza, lawama ingekuwa yake, mimi ningebaki mkwe mwema. Badala yake nilisema:

"Yapo, mjomba."

Hakuna mtu anayeweza kusema nilidanganya. Maji yalikuwapo.

Wakapanda watano. Sikumshusha hata mmoja, kwani ningemshusha nani? Mkwe alikaa katikati, akaweka kijaluba chake cha tambuu mapajani, cha fedha, kilichochorwa maua, kitu ambacho hakuna mwenye akili anakipeleka baharini. Nilisema washike kamba. Dada yake alinambia ana mkono mmoja tu uliobaki, mwengine umeshika buibui. Wapwa walishikana wao kwa wao. Yule mwanamke wa Makunduchi peke yake aliniuliza, "Nishike wapi?"

"Hapa. Usiiachie."

Akaishika, kisha ili awe na hakika akaizungusha kiganjani mara mbili. Niliona. Nikafikiri, angalau huyu mmoja ni mwanafunzi. Nikawaashiria majirani waachie.

Nusu ya kwanza walikwenda sawasawa. Pale kwenye ukingo wa maji, ndani ya ua, palikuwa pamesimama bibi mmoja ambaye mkwe alikuwa hasemi naye tangu harusi fulani, kwa sababu ya mahali walipokalishwa. Bibi yule alicheka. Labda hakumcheka mkwe. Watu wote pale walikuwa wanacheka. Lakini mkwe alisikia, na akasimama. Alisimama katikati ya mserereko, kijaluba mkononi, ili amjibu, na mdomo nilimwona ameshaufungua.

Jibu hilo hatukulipata. Sanduku liliegemea upande, likaingia majini kwa ubavu, likapiga pua kwenye tope kama mjomba alivyosema, likapinduka.

Maji yenyewe yalikuwa ya kiunoni. Wapwa walizuka wanacheka, wakaona hakuna mwengine anayecheka, wakaanza kulia. Dada alizuka hana buibui, akazama tena kwa hiari yake. Mkwe alikuwa ameketi kwenye tope, maji yamemfika kifuani, na kijaluba amekiinua juu ya kichwa, kikavu kabisa. Mtu wa tano hakuonekana.

Nilirukia majini na nguo zangu zote. Nilimpita mkwe, nasema hivi kwa sababu ya yatakayofuata. Sanduku lilikuwa limefunika, na kamba imekazika kwa chini. Niliingiza mkono nikapata kanga, kisha bega, na nilipovuta halikuja. Majirani zetu wawili wakaingia, mmoja huku mmoja huku, wakalinyanyua sanduku kama wanavyonyanyua gunia, na mimi nikapapasa kiganja chake nikaifungua ile kamba, mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili.

"Nije?" mjomba alipiga kelele nje ya ua. "Nije?"

"Usije," wanawake walimjibu kwa pamoja, kwa kuwa mabuibui yalikuwa yanaelea.

Kwa hiyo mtu pekee katika Unguja nzima aliyejua kamba za sanduku lile zinavyofunguliwa alikaa akitazama ukuta wa ghala, na stara yetu ikasalimika.

Yule mwanamke alizuka akitapika maji. Alikuwa hai, macho wazi, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimekaa mahali ambapo kifundo hakikai. Hakupiga ukelele. Alikitazama tu, kisha akanitazama mimi.

Gari la mkwe lilikuwa linangoja barabarani. Lilimchukua mkwe, kwa sababu alikuwa amepata mshtuko, na dada yake, kwa sababu alikuwa ameona haya, na wapwa, kwa sababu walikuwa wa kwao. Nafasi ilikwisha. Mwanamke wa Makunduchi tulimpeleka hospitali juu ya gari la hamali, mkono umefungwa kwenye kipande cha ubao kwa mtandio wa mama yangu. Hamali alisukuma, mimi nikatembea ubavuni nimelowa, na njia nzima watu wa Sikukuu walitupa mkono wa Idi.

Asubuhi yake yule afisa alirudi. Safari hii alileta utepe wa kupimia, akapima kila kitu ambacho hakukipima mwanzo, na uso wake ukawa wa mtu aliyesalitiwa na mbao. Alimuuliza mjomba ilikuwaje. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai.

"Kosa langu," mjomba alisema. "Alama niliipaka chini mno."

Nilitia sukari kwenye vikombe. Kibali kikafutwa, na kabla ya wiki kwisha mjomba aliubomoa mserereko mwenyewe, ubao kwa ubao, mgongo wake ule ule.

Mjini hadithi ilikwenda njia nyengine. Mkwe alieleza katika kila nyumba aliyoitembelea kwamba aliponea chupuchupu, na kwamba yule msichana mwalimu alijitupa baharini akamtoa kwa mikono yake. Nilipoisikia mara ya kwanza nilitaka kuisahihisha. Mama aliniambia kumsahihisha mtu mzima ni utovu wa adabu. Jirani yetu aliyemvuta mkwe kutoka kwenye tope, na kupata maumivu ya nyonga kwa hilo, alicheka sana, na baadaye akaacha kucheka. Haikupita wiki mbili, posa yenyewe ikaletwa. Walikuwa wamemaliza kufikiri. Walisema wamependa ujasiri wangu.

Nilikwenda Ng'ambo kumtazama mgonjwa nikiwa nimebeba mkate wa ufuta na supu ya kuku. Nilikuwa nimejitayarishia maneno. Alikuwa barazani kwa binti yake, mkono umefungwa plasta, miguu ameinyoosha juu ya mkeka ambao haujakwisha. Ukili wake, ule utepe uliosukwa unaoshonwa kuwa mkeka, ulikuwa umekunjwa pembeni. Tukaamkiana, akaniuliza habari za mama, habari za skuli, habari za mjomba. Na Bi Mkubwa, nikamuuliza, amekuja kukutazama? Alituma salamu, akasema.

Kisha akasema, "Mwalimu, ile alama nyekundu mimi niliiona. Ilikuwa juu ya maji."

"Naam. Ilikuwa juu."

"Na wewe uliiona."

"Niliiona."

Alikuna ukingo wa plasta. "Mie nilidhani labda nyie wa Mjini mnaisoma kinyume."

Katika yale maneno niliyokuwa nimeyatayarisha nilichukua moja tu. Nilimwambia nisamehe, akasema kusamehe si shida, shida ni mkeka. Ameuahidi kwa harusi ya mtu na mkono mmoja hausuki. Akaniuliza kama najua kusuka. Nikasema nilifundishwa kidogo, utotoni, na bibi. Akauvuta ukili kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Tuone hicho kidogo."

Kuanzia siku ile nilikuwa nakwenda kila jioni nikitoka skuli. Yeye anakaa, mimi nasuka, na yeye anatazama. Sijapata kuwa na mwalimu mkali kama yule. Hakugomba. Alikuwa anaushika ukili nilioumaliza, anaupitisha kidole, kisha anaufumua wote kwa mkono wake mzima na kunirudishia miyaa, yale majani matupu. Mara tatu alinifumulia kazi ya siku nzima. Akizungumza na binti yake Kimakunduchi nilijua wanazungumza habari za vidole vyangu.

Katika siku hizo ndipo nilipomwambia mjomba. Tulikuwa ukumbini kwake, anapiga randa mlango wa kabati. Nilimwambia kwamba alama haikuwa chini mno, kwamba niliiona, na nilisema yapo kwa ajili ya nani.

Hakuacha kupiga randa. "Nilijua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Ulisema 'yapo' kwa sauti ya mtoto aliyekula sukari."

"Mbona basi hukugeuka?"

Hapo alisimamisha randa, akapuliza vumbi la mbao. "Niliahidi sitageuka," alisema. "Na nilimsikia Bi Mkubwa alivyosema kwamba mimi ni mtu wa heshima. Nilipenda."

Tulikaa pale wawili, watu wa heshima, tukitazama mlango wa kabati. Baadaye aliniambia nimshikie upande wa pili, tukaendelea.

Nilimwomba, kabla ya harusi yangu, anipeleke kwa yule afisa nikaseme kweli. Alikataa. Alisema afisa amekwisha kuandika, na mtu yule akiandika hapendi kufuta. Sina hakika kama alikuwa ananilinda au alikuwa amechoka. Ningeweza kwenda peke yangu, sikwenda, na hilo haliwezi kuwa kosa la afisa.

Plasta ya yule mwanamke ilitolewa. Mkono uliunga, ila ulibaki umepinda kidogo kwenye kifundo, na alikuwa akiukanda kwa mafuta ya nazi kila asubuhi kabla ya kushika miyaa. Jioni moja nilifika nikamkuta anasuka mwenyewe, polepole. Nikakaa, nikavuta ukili wangu, nikaanza. Alinitazama nikisuka mistari miwili.

"Basi, mwalimu," alisema. "Usije tena kesho."

Nilimuuliza kama nimemkosea.

"Hujanikosea. Mkono umerudi, na mkeka huu watu watajua nimeusuka mimi. Kipande chako sikukishona humu, nimekiweka chini ya kitanda."